Vihisi vya kupima mwendo wa mtu: kipi ununue kwanza ukiwa Tanga

Kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji jambo moja: kifaa hiki kitanipa data ghafi, yaani kila sampuli (kipimo kimoja kimoja) pamoja na muda wake, kwenye faili ninaloweza kulifungua mwenyewe? Akikujibu kwamba programu yake "inahesabu hatua yenyewe", mshukuru uende kwingine. Jumla ya hatua haimwambii mtaalamu wa tiba ya viungo kama mgonjwa wa kiharusi anaukwepa mguu wa kushoto. Haimwambii fundi wa miguu bandia kama goti limewekwa mbele mno. Majibu hayo yamo ndani ya hatua moja moja, katika vipande vya muda vidogo kuliko kupepesa jicho.

Duru moja ya mwendo, kuanzia kisigino kigusapo chini hadi kisigino kilekile kigusapo tena, huchukua kama sekunde moja kwa mtu mzima mwenye afya. Mguu hukaa chini karibu asilimia 60 ya duru na hewani asilimia 40. Mara mbili katika kila duru miguu yote miwili huwa chini, na kila mara ni kama sehemu ya kumi tu ya duru. Kihisi cha sampuli 25 kwa sekunde kitakupa namba mbili au tatu tu katika kipindi hicho, na huwezi kulinganisha kulia na kushoto kwa namba mbili. Kwa hiyo taka sampuli 100 kwa sekunde. Zaidi ya hapo, kwa kutembea, ni kujaza faili bure.

Angalia pia upeo, yaani kipimo kikubwa kabisa ambacho kihisi kinaweza kukisoma. Kisigino kinapopiga sakafu, mchapuko (kasi ya kubadilika kwa mwendo) kwenye kifundo cha mguu huruka juu ya 2 g kwa urahisi, g moja ikiwa nguvu ya mvuto wa dunia, na muundi wa mtu mwenye afya unapopeperuka mbele huzunguka kwa zaidi ya nyuzi 250 kwa sekunde. Taka ±8 g na ±500 (nyuzi kwa sekunde) kama kima cha chini; ±1000 ni salama zaidi. Upeo ukiwa mdogo, vilele kwenye mchoro hukatwa bapa kama meza, na hakuna hesabu itakayovirudisha. Magnetometa, yaani kihisi cha dira, usiilipie. Ndani ya jengo lenye nondo sakafuni na mabati juu, dira yake hupotoka, na programu zinazoitegemea huupotosha mwendo mzima.

Sasa vifaa vyenyewe, kwa mpangilio ambao tungevinunua.

1. Simu uliyonayo na mkanda wa lastiki

Ndiyo ya kwanza, na kwa wengi inatosha mwaka mzima. Pakua phyphox, programu ya bure ya chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Hurekodi mchapuko na kasi ya mzunguko na kutoa faili la CSV, yaani jedwali linalofunguka kwenye Excel. Jaribu kwanza sehemu ya jairoskopu, yaani kihisi cha kasi ya mzunguko. Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu kabisa, na kama unanunua simu kwa kazi hii, ifungulie programu hiyo palepale dukani kabla hujatoa pesa.

Simu ikae mgongoni, chini kabisa kiunoni, juu kidogo ya makalio, imebanwa isitikisike. Hapo utapata hatua kwa dakika, tofauti ya muda wa hatua ya kulia na ya kushoto, na kama mwendo ni wa kawaida au wa kusuasua. Pembe ya goti hutaipata. Uzito ndio adui: simu ya gramu 200 kwenye mkanda uliolegea hucheza kwa mdundo wake yenyewe baada ya kila hatua, vilele vinakuwa viwili, na hesabu inaleta hatua maradufu. Zima pia kibana-betri cha simu, maana husimamisha programu kioo kikizimika.

2. Axivity AX6, viwili

Kwa kliniki yenye fedha za wastani, hiki ndicho tunachokipendekeza bila kusita. Ni kidude kidogo kilichotengenezwa Uingereza, chenye mchapuko na jairoskopu, kinachohifadhi data ndani yake bila mtandao. Ndugu yake mkubwa, AX3, hupima mchapuko peke yake na ndiye aliyetumika katika utafiti mkubwa wa UK Biobank. Kwa mwendo wa miguu usimnunue huyo, kasi ya mzunguko wa muundi ni muhimu mno.

Kuhifadhi ndani ni faida kubwa hapa kwetu. Umeme ukikatika au mtandao ukipotea hupotezi kitu, na data za mgonjwa haziendi kwenye kompyuta ya mtu ng'ambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na jambo hilo ni jepesi kulitimiza faili likiwa mkononi mwako. Kasoro yake: huoni mchoro mtu akiwa bado anatembea. Mpaka uchomeke kebo kwenye kompyuta.

Vinapokuwa viwili, saa zao hazilingani milele. Saa inayopotoka kwa sehemu 20 katika milioni hukosea milisekunde 72 kwa saa moja, sawa na sampuli saba. Vishike pamoja na kuvigonga mezani mara tatu mwanzoni na mara tatu mwishoni, kisha oanisha vilele.

3. MPU-6050 na ESP32, uunde mwenyewe

MPU-6050 ni chipu ya kihisi cha mchapuko na mzunguko; ESP32 ni bodi ndogo ya kompyuta inayoisoma. Kwa mwanafunzi, hakuna shule bora. Moduli ya GY-521 yenye MPU-6050 ni ya bei ya mlo wa mchana, na maduka ya vipuri vya elektroniki ya Kariakoo ndiyo njia ya haraka kwa aliye Tanga. Lakini kila kosa litakuwa lako kulitafuta, na haya ndiyo yanayojirudia:

Chipu ikipewa umeme huanza ikiwa usingizini. Andika 0 kwenye rejista (kisanduku cha mipangilio ndani ya chipu) 0x6B, la sivyo utasoma sifuri tupu. Soma rejista 0x75: MPU-6050 ya kweli hujibu 0x68. Ikijibu 0x70, umeuziwa MPU-6500, ambayo si mbaya, ila baadhi ya maktaba za programu zitaikataa.

Chipu huanza na upeo wa ±2 g na ±250, yaani ule usiotufaa. Andika 0x10 kwenye 0x1C upate ±8 g, na 0x10 kwenye 0x1B upate ±1000. Gawanya mchapuko kwa 4096 na mzunguko kwa 32.8. Kisha weka 3 kwenye 0x1A na 9 kwenye 0x19; hapo utakuwa na sampuli 100 kwa sekunde.

Nyaya za kuchomeka hulegea hatua ya ishirini. Zilehemu zote, zisizidi sentimita 20: SDA (waya wa data) kwenye pini 21, SCL (waya wa saa) kwenye 22 kwa bodi za kawaida za ESP32. Bodi ikijizima na kujiwasha Wi-Fi inapoanza, volti zinaporomoka. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya 3.3 V na ardhi.

Kuna kosa moja la hatari. Moduli ya kuchajia ya TP4056 huja na kizuizi cha kilo-omu 1.2, kinachoruhusu ampea 1 nzima. Betri ya milliampea-saa 500 haifai kulishwa hivyo. Huchemka na kuvimba, na hii ni kitu kinachofungwa mguuni mwa mtu. Badilisha kizuizi kiwe cha kilo-omu 4.7, mkondo utashuka hadi kama milliampea 250. Fundi simu yeyote mwenye kilehemeo chembamba atakufanyia.

Data zenyewe ni chache: mihimili sita (mitatu ya mchapuko, mitatu ya mzunguko), baiti mbili kila mmoja, mara 100 kwa sekunde, ni baiti 1,200 kwa sekunde, kama megabaiti 4.3 kwa saa. Tatizo ni kadi ya kumbukumbu au Wi-Fi inaposita. Ghala la ndani la chipu ni baiti 1,024, sawa na sampuli 85. Programu ikikwama zaidi ya sekunde 0.85, umepoteza hatua.

4. Movella DOT

Zamani iliitwa Xsens DOT. Ina gramu 11.2, inastahimili maji na jasho, na hutuma pembe zilizokwisha kokotolewa kwa Bluetooth, sampuli 60 kwa sekunde moja kwa moja au 120 ikirekodi ndani. Ukitaka mgonjwa aone mchoro wa goti lake papo hapo akifanya mazoezi, nunua hii. Tumeiweka ya nne kwa sababu ya bei tu: utahitaji angalau mbili, paja na muundi, na kwa miguu yote miwili ni nne.

5. Saa na bangili za hatua

Usinunue kwa kazi hii. Mkono ulioshika mkoba, mkongojo au usukani wa baisikeli hausemi lolote kuhusu miguu.

Mkanda, chumvi na viatu

Mpe fundi cherehani wa Ngamiani lastiki ya upana wa sentimita 5 na velkro, ashone na mfuko mdogo unaobana kifaa pande zote. Kihisi kikae mbele ya muundi au nje yake kidogo, penye mfupa karibu na ngozi, si juu ya msuli wa nyuma unaotikisika. Kifungwe chini ya dera au kanzu, kamwe si juu yake, na mwanamke afungwe na mwanamke mwenzake.

Hewa ya bahari ya Raskazone hula shaba. Bodi tupu ipakwe rangi ya kucha isiyo na rangi, matabaka mawili, ukiacha plagi. Ihifadhiwe kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuipeleka juani, subiri dakika 10 kabla ya kupima, kwa sababu sifuri ya jairoskopu huhama na joto. Kosa la nusu nyuzi kwa sekunde, lisiporekebishwa, ni nyuzi 30 baada ya dakika moja.

Pima kwenye sakafu au lami, si mchangani: mita 10 za kupima, na mita 2 za ziada kila upande za kuanzia na kusimamia. Andika mtu alivaa nini. Ndala hupiga sakafu mara ya pili baada ya kisigino na huonekana kwenye mchoro. Aliyepimwa na ndala leo apimwe na ndala mwezi ujao.

Kifaa kikifika

Kilaze mezani kwa pande zake zote sita. Tanga iko karibu na ikweta na usawa wa bahari, hivyo upande unaotazama juu usome karibu mita 9.78 kwa sekunde mraba, yaani karibu 1 g. Tofauti ya 0.5 kwenye MPU-6050 ni ya kawaida na hurekebishwa kwa kutoa. Ya 2 ni ubovu. Kisha kizungushe mezani duru kumi kamili na jumlisha jairoskopu: jibu liwe karibu na nyuzi 3,600. Mwisho, rekodi dakika tano na ukague muda kati ya sampuli na sampuli. Kwa sampuli 100 kwa sekunde, uwe milisekunde 10 mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mapengo ya 40 au 200 kwenye kifaa kilichouzwa kikiwa kamili, kirudishe siku hiyohiyo.