Seti ya bustani ya watoto ya dukani: nini cha kuchukua na nini cha kuacha ukiwa Dodoma

Boksi hili linauzwa mjini Dodoma kwa ajili ya watoto wa miaka 6 hadi 10. Ndani kuna sepetu na reki za plastiki, keni ya kumwagilia ya lita 1, trei ya miche yenye vishimo 12, vidonge vya udongo mkavu vinavyovimba vikiloweshwa, kioo cha kukuzia, pakiti sita za mbegu na kijitabu cha picha. Limetengenezwa nje, na aliyelipanga alikuwa na ardhi laini na mvua ya kila wiki. Dodoma inapata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo trei na kioo vina thamani. Vingine karibu vyote utavipata vilivyo bora kwenye masoko ya Sabasaba au Majengo, kwa fedha kidogo zaidi.

Mbegu ndizo zinazoamua kama mtoto ataendelea au ataacha, basi tuanze hapo. Boksi lina karoti, figili, nyanya, strobeli, alizeti na mahindi. Karoti huchukua siku 10 hadi 20 kuota, na muda wote huo tabaka la juu la udongo lisikauke hata mara moja. Kwenye udongo wa kichanga wa Dodoma mwezi Oktoba, sentimita ya juu hukauka kabla ya adhuhuri. Mbegu hupasuka, huanza kutoa mzizi, kisha hufa, na mtoto huangalia ardhi tupu wiki tatu akidhani amekosea. Strobeli huchelewa zaidi ya hapo. Figili huota haraka lakini joto huzifanya ziwe kali na zenye nyuzi, kwa hiyo zipandwe Juni au Julai tu.

Alizeti ndiyo pakiti nzuri kuliko zote humo. Huota ndani ya wiki moja hivi, na somo lake la chakula ni rahisi kuonyesha: mtoto amenye punje mbili, aziponde kwa kijiko juu ya karatasi nyeupe, kisha aiinue karatasi kwenye mwanga. Doa linalopitisha mwanga ni mafuta, yaleyale yanayokamuliwa kwenye mashine za Kibaigwa na Singida.

Pakiti ya mahindi ndiyo iliyotuudhi. Punje zake zina rangi ya waridi. Rangi hiyo huwekwa makusudi kuonya kwamba mbegu imepakwa dawa ya kuua kuvu au wadudu, na haifai kushikwa na mtoto ambaye dakika mbili baadaye atatia vidole mdomoni. Haifai kuliwa, wala kupewa kuku. Kuiweka ndani ya kitu kilichoandikwa "cha watoto" ni kosa lisilo na udhuru. Ukikuta mbegu ya waridi, ya bluu au ya kijani kikali, iondoe kabla boksi halijafika mkononi mwa mtoto.

Badala ya hizo, nunua mchicha, kunde na mlenda. Kwenye duka la pembejeo chagua pakiti yenye lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) na tarehe ya kuisha, na uulize kama mbegu imepakwa dawa. Mchicha huota siku ya 3 hadi ya 6 na hukatwa baada ya wiki nne hivi. Mbegu zake ni ndogo mno kwa vidole vya mtoto: changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu, anyunyize kwenye mifereji yenye kina cha nusu sentimita, kisha afunike kwa mchanga kidogo. Mlenda una ganda gumu. Ukiupanda hivihivi unaota mmojammoja kwa wiki kadhaa. Funga mbegu kwenye kitambaa, mtu mzima achovye sekunde 10 kwenye maji yaliyotoka kuchemka, kisha ahamishie maji ya baridi. Kunde huenda kina cha sentimita 3, mbegu mbilimbili kila shimo.

Kunde zina zawadi yake, na hapo ndipo kioo cha boksi kinapofanya kazi. Wiki ya sita ng'oa shina moja polepole, suuza mizizi kwenye ndoo, uone vinundu vidogo kama punje za uwele. Pasua kimoja kwa kucha. Kikiwa na wekundu ndani, bakteria wanaoishi humo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni ya hewani na kuipa mmea. Kikiwa cheupe au cha kijani, kazi haifanyiki. Mtoto aliyeona wekundu ule kwa macho yake anaelewa kwa nini bibi huchanganya kunde na mtama shambani.

Zana. Sepetu ya plastiki huvunjika shingoni siku ya kwanza ikikutana na ardhi nyekundu iliyoshikana. Mhunzi au fundi wa kuchomelea atakukatia kijembe kutoka jembe kuukuu, upana wa sentimita 8, mpini wa sentimita 50. Mwambie asinoe makali. Lowesha eneo jioni, watoto walime asubuhi.

Keni ya lita 1 ni udhaifu mwingine. Miezi ya joto, mita 1 ya mraba inahitaji lita 5 hadi 7 kwa siku. Eneo la mita 1 kwa 2 linamtaka mtoto aende bombani mara 10 na zaidi. Tena matundu ya keni yale ni makubwa, maji yanatua kwa kishindo na kusukuma mbegu za mchicha zote pembeni. Kidumu cha mafuta ya kupikia cha lita 3, kifuniko kikatobolewa matundu 15 kwa msumari mwembamba uliopashwa moto (kazi ya mtu mzima), kinatoa manyunyu laini na mtoto wa miaka 7 anakibeba. Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumike. Ya sabuni yasitumike. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi: utando mweupe ukitokea juu ya udongo, kwangua, utupe mbali, kisha umwagilie mara moja kwa wingi ili chumvi iliyobaki ishuke chini ya mizizi.

Kijitabu kinaonyesha tuta lililoinuliwa, na kalenda yake inasema panda "majira ya kuchipua", ambayo huku hayapo. Tuta la kuinuka hukausha udongo pande zote na upepo wa Agosti unalimaliza. Kiangazi cha Dodoma kinataka kinyume chake, jaruba dogo kama yale ya mpunga wa Bahi: chimba sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, upana wa mita 1 ili mtoto afike katikati bila kukanyaga, acha kingo za udongo kuzunguka, changanya ndoo mbili za samadi iliyoiva. Samadi iliyoiva haina joto wala harufu ya mkojo. Mbichi inaunguza mizizi. Mvua kubwa za Januari zikianza, toboa ukingo mmoja maji yatoke, la sivyo kunde zitageuka njano. Tandaza nyasi kavu nyembamba tu na uzifunue kila siku tatu, maana mchwa hupenda kujificha chini yake. Uzio wa matawi ya miiba uwekwe kabla ya kupanda. Mbuzi mmoja anamaliza kazi ya mwezi kwa dakika tano.

Vidonge vya udongo vikikauka mara moja hukataa maji, yanapita pembeni. Acha vidonge, jaza vishimo vya trei udongo wa msituni na mchanga sawa kwa sawa, na uihifadhi trei kwa ajili ya nyanya. Miche ikikatika shingoni na kulala, huo ni ugonjwa wa kinyausi: umemwagilia mno jioni, au umebananisha. Mwagilia asubuhi, acha mche mmoja kila kishimo.

Shule isiyo na eneo itumie gunia la kilo 100. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo (sehemu 3 udongo, 2 samadi, 1 mchanga), vuta kopo juu, rudia hadi ukingoni. Toboa matundu ya kupandia pembeni kila sentimita 20, kwa kupishana. Matundu ya chini yakikauka wakati juu kumelowa, nguzo ya kokoto imezibwa na udongo, kwa kawaida kwa sababu kopo lilivutwa kabla kokoto hazijafika juu.

Kijitabu kinaishia kwenye kuvuna, na hilo ni pengo kubwa, kwa sababu mtoto hujifunza chakula anapokila. Mchicha ukatwe sentimita 10 juu ya ardhi ili uchipue tena, upikwe na karanga zilizotwangwa. Mlenda uliwe na ugali wa uwele. Majani ya kunde yanayozidi yakaushwe hivi: yachovywe dakika 2 kwenye maji yanayochemka, yatandazwe kwenye ungo kivulini, kwani jua kali linaharibu vitamini A, na yageuzwe asubuhi na jioni. Jani likibonyezwa likavunjika kama karatasi, liko tayari kutwangwa. Likijikunja, lirudi kivulini siku moja zaidi, la sivyo litaota ukungu ndani ya kopo.