Begi Hufa Miguuni: Mabegi ya Ndege kwa Msafiri wa Songwe

Ukiuliza begi la safari Mwanjelwa au Kabwe, jijini Mbeya, muuzaji atalilaza chini, apande juu kwa miguu yote miwili, kisha akutazame usoni. "Faiba hiyo, kaka, haivunjiki." Onyesho linapendeza, ila linapima mahali ambapo begi halifi. Pita kwa fundi wa mabegi uangalie rundo linalomsubiri: tairi limeng'oka na kuondoka na kipande cha plastiki, mkono wa kuvutia umegoma kushuka, zipu imeachama kwenye kona. Ganda lenyewe bado zima, hata stika ya dukani haijafutika.

Tuanze na uzito, maana ndio unaolipiwa. Tiketi nyingi za daraja la kawaida zinaruhusu kilo 23 za kwenda kwenye tumbo la ndege na kilo 7 za mkononi. Soma yako, kwani zipo za bei ya chini zinazotoa pungufu ya hapo. Begi kubwa la zile seti za vitatu za bei nafuu huwa na kilo 4 na nusu, hata 5, kabla hujatia soksi. Jepesi lililotengenezwa vizuri, la ukubwa huohuo, lina kilo 3 hadi 3 na nusu. Hiyo kilo moja na nusu ya tofauti ni mchele wa Kyela unaouacha nyumbani kila safari. Kwenye mzigo wa mkononi hesabu inauma zaidi: begi la matairi la kilo 3 linakubakishia kilo 4, na kompyuta mpakato na chaja yake zinakula mbili kati ya hizo. Nenda dukani na mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wenye ndoano. Ulipime begi mwenyewe, lebo ya sokoni isikutoshe.

Vipimo navyo vina mtego. Kikomo cha kawaida cha mzigo wa tumboni ni sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kina, pamoja na matairi na vishikio. Lile la inchi 28 ukilipima kwa utepe wa fundi cherehani mara nyingi linagusa mstari huo au linauvuka, na ukilijaza mchele linapita kilo 32, uzito ambao mashirika mengi hayapokei kwa begi moja hata ukiwa tayari kulipia. La inchi 24 au 26 linajaa vizuri kwenye kilo 23. Lile kubwa la seti liache nyumbani litunze mablanketi ya Julai.

Sasa matairi. Manne yanayozunguka pande zote yanateleza kama maji kwenye vigae vya uwanja wa Julius Nyerere. Mbeya, kati ya mlango wa nyumba na lami kuna changarawe, mtaro na tope la Machi. Mguu wa tairi la kuzunguka umetokeza nje ya begi kwa sentimita kadhaa, na kila jiwe au ngazi unayoligongesha inausukuma mguu huo kama mtaimbo unavyong'oa kisiki. Begi la kilo 23 likirushwa na kutua kwa mguu mmoja, yanatokea yaleyale kwa pigo moja. Matairi mawili yaliyozama nusu yake ndani ya kona hayana pa kung'olewa. Kwa anayetoka Uyole, Ilomba au Iwambi na kufika uwanja wa ndege wa Songwe kwa bajaji au kosta, mawili yanadumu kuliko manne. Kasoro yake ni kwamba sehemu ya uzito inabaki mkononi mwako muda wote, na kwenye foleni ndefu huwezi kulisukuma ubavuni. Inabidi uliinamishe na kulivuta.

Ukishikilia manne, chukua yenye tairi pacha kila mguu, nane kwa jumla, na ekseli ya chuma. Kisha fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: fungua zipu ya bitana kule chini uone tairi limefungwaje. Likiwa limefungwa kwa skrubu, kulibadilisha ni kazi ya bisibisi na dakika kumi. Likiwa limepigwa ribiti, fundi atazitoboa kwa keekee na kuweka boliti za milimita 4 zenye wosha pana kwa ndani, ili nguvu isambae isile plastiki. Bitana iliyoshonwa moja kwa moja bila zipu ina maana kwamba kila matengenezo yataanza kwa kuichana. Begi la namna hiyo liache kwa mwenyewe.

Tairi la akiba halinunuliwi kwa jina la begi. Pima kipenyo, unene na ekseli, au bora zaidi beba tairi la zamani lenyewe. Yale makubwa ya begi la matairi mawili mara nyingi yamejengwa kama ya viatu vya kuteleza na yanachukua beringi namba 608: tundu milimita 8, nje 22, unene 7. Beringi hiyo ni ya kawaida madukani. Kinachoyaua hata yaliyo mazuri ni nywele na nyuzi zinazojisokota kwenye ekseli. Tairi likikwama haliviringiki tena, linaburuzwa, na baada ya muda mfupi lina upande bapa. Kila baada ya safari tatu au nne zikate kwa wembe, ufute vumbi, basi.

Mitumba inahitaji tahadhari yake. Mabegi ya mtumba ya majina makubwa yanapatikana, na kwa kitambaa na zipu yanaweza kulishinda jipya la bei ileile. Tatizo ni matairi laini ya poliyurethani: unyevu huyala polepole hata begi likiwa limekaa stoo bila kutumika. Kwa macho yanaonekana mapya, ukitembea nayo mita mia mbili yanamomonyoka kama keki iliyolala. Bonyeza kwa ukucha. Tairi zima linasukuma ukucha nyuma; lililooza linabaki na alama, linanata, au linatoa unga. Kagua pia ile rangi laini inayopakwa kwa ndani ya kitambaa. Ikinata, imeanza safari ileile.

Mkono wa kuvutia upimwe ukiwa umenyooshwa mpaka mwisho. Ushike juu, uusokote kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, kwani bomba lisilo na nafasi kabisa hukwama likipata vumbi. Likicheza kiasi cha mabomba kugongana, pita. Kosa linaloua mikono mingi ni kulinyanyua begi lililojaa kwa mkono huo kuliweka kwenye buti la gari; kazi hiyo ni ya vishikio vya pembeni. Ukigoma kushuka, safisha bomba kwa kitambaa kikavu na upulize dawa ya silikoni. Mafuta ya kula na oili chafu, dawa mbili zinazopendwa sana mtaani, hukusanya vumbi na baada ya mwezi hali ni mbaya kuliko mwanzo.

Zipu ina namba yake, mara nyingi imechongwa nyuma ya kitelezi: 5, 8 au 10, na kadiri inavyopanda ndivyo meno yanavyokuwa mapana. Kwa begi kubwa tafuta 10, kwa dogo 8 inatosha. Namba 5 kwenye mlango mkuu wa begi la kilo 23 ni kutafuta aibu ukumbini. Zipu ikianza kuachia nyuma ya kitelezi, kilichochakaa mara nyingi ni kitelezi: kikazwe kidogo kwa koleo pande zote mbili, na fundi anaweza kukibadilisha bila kugusa meno. Ipake mshumaa mkavu mara mojamoja. Ujue pia kwamba zipu ya kawaida hufunguliwa kwa ncha ya kalamu katikati ya meno, kisha hufungwa tena kwa kupitisha vitelezi vyake, kufuli likiwa palepale. Zipo zipu za safu mbili zinazozuia ujanja huo. Pesa iliyokuwa inaelekea kwenye kufuli kubwa ihamie huko.

Ndipo tulifikie ganda. "Faiba" ya sokoni kwa kawaida ni moja ya plastiki tatu, na herufi zake huandikwa kwenye lebo ya ndani. ABS ndiyo ya seti za bei nafuu: ngumu, inang'aa, na ikipata kipigo cha kona inapasuka badala ya kukunjika. PC, yaani polikabonati, inabonyea na kurudi. PP, polipropilini, ndiyo nyepesi kuliko zote tatu kwa ujazo, inateleza kama nta mkononi, na inavumilia kukunjwa mara nyingi. Bonyeza katikati ya ganda kwa kidole gumba mpaka lizame kidogo: likirudi bila kuacha mstari mweupe, ni dalili njema; weupe kwenye mkunjo ni ABS inayolalamika. Maandishi "ABS+PC" yasikusisimue, mara nyingi polikabonati hapo ni ngozi nyembamba ya juu.

Kila moja ina adui yake. Polikabonati haipendi asetoni wala petroli. Ukiisugua kwa petroli kuondoa gundi ya lebo, nyufa ndogondogo zitajitokeza na siku moja zitaungana. Sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu vinatosha. Polipropilini haishikani na gundi ya kawaida, kwa hiyo ikipasuka usipoteze pesa kwenye vile vichupa vidogo. Na ganda gumu la aina yoyote huvunjika upesi likiwa nusu tupu, maana hakuna kinacholisukuma kutoka ndani. Ukienda na mzigo mdogo, jaza nafasi kwa shuka au koti.

Mbele kabisa kwa ganda ni Samsonite zilizotengenezwa kwa Curv, yaani nyuzi za polipropilini zilizofumwa na kukandamizwa kwa joto. Saizi ya mkononi ina kilo 2 hivi, na uimara wake ni wa kweli. Lakini hata hizo husimama juu ya matairi ya plastiki kama nyingine, na kwa bei yake mtu wa Mbeya–Dar mara mbili kwa mwezi ananunua asichokihitaji. Kinachomfaa zaidi ni begi la kitambaa la matairi mawili, aina ambayo rubani Robert Plath wa Northwest Airlines aliibuni mwaka 1987, ikaenea kwanza kwa wahudumu na marubani wenzake. Tafuta nailoni ya 1680D. Hiyo D ni uzito wa uzi kwa gramu kwa kila mita 9,000, hivyo poliyesta ya 600D ina uzi mwembamba zaidi. Kitambaa kikichanika, fundi cherehani anakishona. Udhaifu wake ni mvua: kati ya Desemba na Aprili mkokoteni wa mizigo unaweza kusimama nje wakati wa kupakia, na maji yanapenya kwenye mishono. Tandaza mfuko mkubwa wa nailoni ndani kabla ya kupanga nguo.

Kwa mzigo wa mkononi hukumu ni kali zaidi: usinunue begi la matairi kabisa, kama safari zako nyingi zinaanzia Songwe. Airbus A220 ya viti 132 ina makabati ya juu yanayolimeza. Siku ukipangiwa ndege ya panga, yaani Q400 ya viti 76 au ATR, makabati ni mafupi, na begi gumu la sentimita 55 litachukuliwa chini ya ngazi ya ndege na kwenda tumboni na mizigo mingine. Hapo ndipo watu hukumbuka kwamba pawabanki imo ndani, na betri za akiba haziruhusiwi tumboni. Begi la mgongoni la nailoni la lita 30 hivi, lenye gramu 800 au 900, linaingia chini ya kiti na linakuachia kilo 6 za vitu vyako. Pawabanki ya mAh 20,000 ni sawa na Wh (wati-saa) 74 (zidisha mAh kwa volti 3.7, gawa kwa 1,000), na mpaka Wh 100 hakuna haja ya ruhusa ya shirika. Mabegi yenye chaja ya kujengewa yanakubalika tu kama betri inachomoka kwa mkono.

Kufuli la alama ya TSA lina maana kwa anayekwenda Marekani, ambako wakaguzi wa TSA, shirika la usalama wa safari la huko, wana ufunguo wake. Kwa Dar halina ziada wala ubaya. Kulibadilisha namba: weka 0-0-0 (namba ya kiwandani), bonyeza kipini kilicho ndani ya kitundu kwa ncha ya kalamu mpaka kilie, chagua namba zako, kisha sukuma kitufe cha kufungulia nacho kipini kitaruka nje.

Kuhusu dhamana, nyingi hufunika kasoro za kiwandani na kuliacha nje pigo la uwanjani. Briggs & Riley ni miongoni mwa wachache wanaotengeneza hata begi lililovunjwa na shirika la ndege, lakini kulituma begi kutoka Mbeya nako kuna gharama yake. Dai kwa shirika lenyewe ndilo lililo karibu. Kagua matairi, kona na mkono palepale kwenye mkanda wa mizigo, kabla hujatoka ukumbini. Piga picha pamoja na lebo ya mzigo, uandikishe ripoti kaunta na kuondoka na namba yake. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi kuhusu begi lililoharibika, na siku 21 tangu ulipokabidhiwa lile lililochelewa. Kile kipande cha lebo kinachobandikwa nyuma ya pasi ya kupandia usikitupe njiani.