Tua (matembezi ya kuongozwa) ya Freddie Mercury Mji Mkongwe: picha utapata, hadithi yenyewe nusu

Kama unataka picha za kupost nenda tu, hutojuta. Kama unataka kufahamu huyu mtu alikuwa nani, sikiliza kwanza.

Nilimpeleka shemeji yangu kutoka Dar, yeye ndo mshabiki wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza aliyokuwa akiimba Freddie, mie mtu wa taarab tu. Kampuni siitaji wala kijana aliyetutembeza simtaji, maana mcheshi, kiingereza kinapanda na roho yake nzuri, sitaki kumharibia riziki. Bei alianza na dola, tukamwambia sie wenyeji bwana, ikashuka ikawa shilingi. Semeni mapema.

Kituo cha kwanza makumbusho ya Shangani, yale yaliyofunguliwa 2019. Hapo sina neno, padogo lakini pamepangwa, unasoma kwa raha zako: kazaliwa hapa hapa Unguja 5 Septemba 1946, jina Farrokh Bulsara, wazee Maparsi, kapelekwa skuli ya bweni India, 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza.

Balaa likaanza tulipotoka. Kila mlango wenye nakshi, "hapa pia alikaa Freddie". Wa tatu shemeji akashindwa kujizuia, "mdogo wangu, hii familia walikuwa wapangaji au madalali?" Tukacheka mpaka kijana mwenyewe akacheka.

Lakini kilichoniudhi khasa ni mwisho wake. Shemeji kauliza alikufaje, kijana akasema "aliumwa" kwa sauti ya chini halafu huyooo anatuingiza duka la viungo. Aliumwa nini? Ukimwi, na mwenyewe alitangaza 23 Novemba 1991, kesho yake akafariki. Na hapo ndo hadithi inanoga, kwa sababu wenzake wa Queen hawakukaa wakalia tu, 20 Aprili 1992 wakajaza uwanja wa Wembley watu kama elfu 72, wanamuziki wakubwa wakapanda jukwaani, na pesa za tamasha lile ndo zikaanzisha Mercury Phoenix Trust, waanzilishi Brian May, Roger Taylor na meneja wao Jim Beach, na mpaka leo inatoa ruzuku kwa miradi ya kupambana na HIV nchi mbali mbali, za Afrika zimo. Tangu 2010 wana na siku yao, karibu na tarehe aliyozaliwa, watu wanajibandika masharubu kama yake wanachangisha. Sasa kitu kama hicho unakirukaje ukaenda kuniuzia karafuu, karafuu mie ninazo kwetu Pemba!

Najua watu wanaona haya. 2006 zilipangwa sherehe za miaka 60 tangu azaliwe, Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, wakaja juu kuzipinga. Sawa, maisha yake kila mtu ana lake la kusema. Ila sisi mtu wetu akifa si tunamchimbia kisima, tunasema thawabu zimfikie? Wenzake walichofanya hakina tofauti kubwa na hicho, na wagonjwa hata huku wapo, ZAPHA+ wapo miaka yote hiyo wanasaidia wanaoishi na virusi. Wala taasisi ya kumkumbuka mtu sio jambo geni kwetu, Maalim Seif alipotutoka Februari 2021 ikaanzishwa ya jina lake.

Ushauri wangu kwa wenye tua, na nimemwambia kijana uso kwa uso: dakika kumi za duka zifanye za hadithi hiyo, na katika kila tiketi tengeni hata elfu moja iende kwa wagonjwa wa hapa, muandike kwenye risiti tuone. Mgeni atalipa bila ya kulalamika, wallahi. Mie mwenyewe ningelipa.

Makumbusho nyota tano, tua nyota tatu. Nendeni asubuhi, saa sita vichochoro vinawaka moto. Na tipu mpeni kwa shilingi, chenji ya dola hana.