Kuzunguka Mji Mkongwe na mume wangu, masika yakiwa yamekolea

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nitasema mbele imekwenda wapi.

Huduma yenyewe ni matembezi ya miguu ya nusu siku ndani ya Mji Mkongwe, Unguja, mimi na mume wangu tu pamoja na mwongoza watalii, bila kuchanganywa na kundi. Tulivuka kutoka Dar wakati wa mapumziko ya Muungano, mwishoni mwa Aprili, na kila tuliyemwambia alituuliza kama tumekosa mwezi mwingine wa kwenda. Bahari ilikuwa chafu, mume wangu akavuka amefumba macho kutoka bandari hadi bandari. Tuliposhuka Malindi wingu lilikuwa limefunga kila upande.

Nianze na pesa, maana najua ndiyo mtakayouliza. Masika ni msimu mkavu kwa biashara ya utalii hata kama mitaa imelowa; hoteli kadhaa za ufukweni hufunga kabisa Aprili na Mei, na za mjini hukubali kuongea. Mwongozaji tulipatana naye shilingi elfu sitini kwa wawili, viingilio mbali. Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa sababu bei ya mwenyeji na ya mgeni hazifanani hata kidogo.

Kilichonifanya niandike ni simu aliyotupigia usiku wa kuamkia matembezi. "Dada, kesho itanyesha. Msivae raba, zikilowa hapa hazikauki mpaka mfike kwenu. Vaeni kandambili zisizoteleza, na miavuli iacheni hotelini." Hilo la miavuli niliona kama utani. Asubuhi nikaona maana yake: katika vile vichochoro vya Sokomuhogo miavuli miwili haipishani, na mapaa ya pande zote yanamwaga maji palepale katikati unapopita. Tukavaa makoti ya mvua, mimi na kanga yangu chini ya kofia. Tena alikuwa ameshapangua ratiba yote. Mambo ya ndani yalitangulia, na mambo ya nje, yaani Forodhani, ukingo wa bahari na milango, yakasogezwa nyuma mpaka mvua itakapochoka. Mwongozaji aliyekariri njia moja asingetufaa kitu siku ile.

Tukaanza Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, enzi za Sultan Barghash, na Waanglikana wakaanza kujenga kanisa papo hapo mwaka huohuo. Ndani kuna nguzo zilizosimikwa kichwa chini, na msalaba wa mti uliotoka Chitambo, Zambia, mahali ulipozikwa moyo wa Livingstone. Kijana wetu, yaani mwongozaji, hakutukimbiza. Mvua ilikuwa inapiga paa, watalii wengine hakuna, tukakaa kwenye mabenchi hadi tulipotosheka. Nje kuna ule mnara wa kumbukumbu uliochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, sanamu za watu waliosimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni. Picha zake nilishaziona mara nyingi. Kuwaona wamesimama wanapigwa na mvua, nyuso zimelowa, ni jambo jingine. Mume wangu, ambaye huwa hamalizi dakika bila kusema neno, alirudi akaniomba twende tu.

Kutoka hapo kuelekea Hurumzi ndipo ilipoporomoka mvua yenyewe. Sijui niieleze vipi. Kichochoro kiligeuka mto mdogo, maji ya udongo yakatufika kwenye vifundo. Kijana akapanda baraza la nyumba ya kwanza, akatembea juu yake mpaka mwisho, akaruka kwenye la pili, akatugeukia: "Shemeji, mshike mkono dada." Mimi ni mtu wa Tanga, mabaraza nimekulia juu yake, lakini kwetu nilijua ni ya kukaa na kupiga soga. Hapa masika yakiwa makali ndiyo njia ya waenda kwa miguu. Watoto wa madrasa walitupita wakikimbia juu yake bila hata kuangalia chini, sisi tunakwenda kama kaa.

Baraza la nne au la tano lilikuwa na wazee watatu, birika la kahawa na sahani ya kashata. Wakasogeza miguu tupite, halafu mmoja akasema tunapita kwenda wapi na mvua yote hii, kaeni. Tukakaa. Hapa ndipo pesa yangu iliporudi, kwa sababu kijana alijua kunyamaza na kuwaachia wazee waseme. Ukuta wa nyuma yetu plasta ilikuwa imebanduka, jiwe liko wazi. Mzee akatuonyesha kwa kidole: matumbawe, chokaa ya kuchoma matumbawe hayohayo, na dari ya boriti za mkoko. Vyumba vya mji huu ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake, huwezi kuitaka ivuke zaidi. Na chokaa huvuta maji masika, kisha huyatoa jua likiwaka. Tatizo ni wanaotengeneza nyumba kwa saruji kwa kuwa ni rahisi na inapatikana. Saruji inaufungia unyevu ndani, boriti zinaoza taratibu, na mwenye nyumba anaona ukuta wake mzuri mpaka siku dari linashuka. Akaangalia upande wa Forodhani akataja Beit al-Ajaib, jumba aliloliinua Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, watu wawili wakafa. Maelezo ya namna hii hamtayapata siku ya jua kali, wakati mwongozaji ana kundi la watu ishirini na kofia zao.

Mengine nitayapitia mbio. Ngome Kongwe ni nzuri, ila uwanja wake ulikuwa dimbwi. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa mji huuhuu mwaka 1946, na mume wangu alitaka aingie kwenye makumbusho yake pale Shangani. Mimi nilibaki mlangoni na simu yangu. Milango ya nakshi hupendeza zaidi ikilowa, mbao huwa nyeusi na kila jani la mchongo linaonekana. Mtaambiwa misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo wasibomoe mlango. Hiyo ni desturi ya Bara Hindi. Unguja ni pambo na kuonyesha uwezo, na namshukuru kijana wetu aliyesema hivyo bila kuulizwa.

Mchana tulikula urojo mahali palipoezekwa turubai, ukiwa moto, wenye embe mbichi, bhajia, kachori na chipsi za muhogo juu. Kwa mwili uliolowa sijui kama kuna chakula kinachoushinda. Jioni Forodhani ilikuwa nusu yake tu, wachuuzi wengine hawakutoka, lakini juisi ya miwa ya ndimu na tangawizi ilikuwepo na foleni haikuwepo.

Sasa ile nyota. Mvua ilipotukamata kwa mara nyingine, kijana alitukimbiza kujificha kwenye duka la vinyago na viungo la mtu anayemwita ndugu yake, na pale tukashikiliwa karibu nusu saa tukionyeshwa karafuu za pakiti kwa bei ambayo sokoni Darajani ningenunua kikapu. Kujificha sawa, ila kuna misikiti, kuna migahawa, kuna mabaraza. Tena kwa mke na mume waliotoka kutembea, kumbana mume anunue cheni "kwa ajili ya bibie" ni kumfanya agombane na mfuko wake mbele ya mkewe. Hakununua, na mimi nilimuunga mkono.

Safari ya boti kwenda kisiwa cha Changuu kuona wale kobe wakubwa simhesabii yeye. Tuliuziwa na mtu mwingine, upepo ukaifuta, na malipo ya awali hatujarudishiwa hadi naandika haya. Masika lipeni boti asubuhi ya kuondoka, si kabla.

Mkienda wawili, mwombeni muanze saa mbili asubuhi ili mpate muda wa kusubiri mvua inapozidi, tieni simu kwenye mfuko wa nailoni, na mwambieni tangu kwenye simu kwamba dukani hamuingii.