TAHADHARI: Ile "gramu 180" ni santuri pamoja na mfuko wake wa kadi

Wakuu, ni yule yule muuzaji wa santuri. Yule wa picha safi na majibu ya haraka, ambaye nusu yetu tulimpigia debe bila kulipwa. Mzigo wake wa mwisho umepimwa sahani (yaani santuri) moja moja, na hakuna hata moja iliyofika gramu 150. Zote ziliuzwa kama gramu 180, yaani santuri nzito, kwa bei ya nzito. Tumepigwa changa la macho, tena na mtu aliyepima uzito mbele yetu, na hapo ndipo aibu inapouma.

Tuanze na video yake ya kupima uzito, kwa sababu kila mtu aliiangalia na kila mtu akaridhika. Mizani ya jikoni ya kidijitali inawashwa, inasoma sifuri. Mkono unaingia na santuri. Namba inapanda, inayumba, inatulia kwenye 183. Anaigeuza upande wa pili kana kwamba upande B una uzito wake (hapo tulipaswa kucheka, hatukucheka), anaiweka tena: 183. Watu wakatuma hela.

Sasa irudieni polepole. Sahani imo ndani ya mfuko wake. Mfuko wenyewe si ile karatasi laini, ni kadi ngumu nyeusi yenye tundu katikati. Jicho linaona lebo, linadhani limeona sahani tupu. Mfuko wa karatasi ya kawaida una gramu 15 mpaka 20. Kadi nzito, ya gramu 250 kwa mita ya mraba, pande mbili za sentimita 30 na nusu kwa 30 na nusu, inakupa gramu 46 na kitu. Toa hizo kwenye 183. Unabaki na 136 au 137, na santuri ya kawaida ya inchi 12 ni gramu 120 mpaka 140. Hatukuuziwa kitu kibovu cha ajabu. Tumeuziwa sahani ya kawaida kwa bei ya nzito, na nyongeza tukalipia kadi!

Halafu ile picha ya kalipa, kifaa cha kupimia unene, milimita mbili na ushee, iliyowafunga mdomo waliokuwa na shaka. Ameshika ukingo. Ukingo wa santuri una tuta, na eneo la lebo nalo limeinuliwa, makusudi, ili sahani zikigusana mifereji yenye muziki isikwaruzane. Kampuni ya santuri ya RCA walianza mtindo huo miaka ya 1950, si siri ya mtu. Eneo lenye muziki ni jembamba kuliko hapo. Kupima santuri ukingoni ni sawa na kupima unene wa sinia kwenye mdomo wake. Ukitaka ukweli bila kalipa, piga hesabu: eneo la sahani ni kama sentimita za mraba 716, na sentimita moja ya ujazo ya PVC, plastiki ya santuri, ina gramu 1.4 hivi. Gramu 136 zinakupa unene wa wastani wa milimita 1.4 kasoro kidogo, na gramu 180 zinakupa 1.8.

Wanaouliza "mlimwaminije" wapunguze ukali. Mzigo wa kwanza ulikuwa halali. Jamaa anaongea lugha ya kazi: laka (sahani ya kwanza inayochongwa muziki), kalibu (bamba la chuma linalobonyeza santuri), PVC mpya dhidi ya iliyosagwa upya. Kabla hajauliza anwani aliuliza katriji (kichwa kinachobeba sindano) gani inatumika na mkono wa sindano una urefu gani. Tapeli gani anauliza hivyo? Huyu. Anajua kila kitu kuhusu santuri, na ndiyo maana anajua mahali pa kuficha gramu 46.

Na uongo wake mkubwa hata haukuwa wa mizani. Alisema sahani nene ina "mifereji mirefu zaidi kwenda chini", ndiyo maana besi inakuwa nzito. Hapana! Mfereji una kina cha makumi ya mikroni (elfu za milimita) tu, na chini yake kuna zaidi ya milimita nzima ya plastiki isiyofanya lolote. Mfereji unachongwa kwenye laka, laka inazaa kalibu, na kalibu ile ile inaweza kubonyeza gramu 130 leo na 180 kesho. Besi na sauti kubwa vinatoka kwingine: urefu wa upande na kasi. Upande wa dakika 12 kwenye kasi ya 45 (mizunguko kwa dakika) una nafasi ya mifereji mipana. Upande wa dakika 25 kwenye 33 lazima mchongaji ashushe sauti au apunguze besi, hata kama sahani ina unene wa tofali. Baadaye yanakuja mambo ya kiwandani: usafi wa PVC na muda wa kupoza. Na hapo uzito unaweza hata kukuumiza, kwa sababu plastiki nyingi inabeba joto jingi. Kiwanda kikiharakisha, sahani inatoka imepinda, au plastiki haikujaza kuta za mfereji, ukasikia mkwaruzo kama nguo inayochanika upande mmoja wa stereo. Sahani nzito iliyopozwa vizuri inatulia na haipindi ovyo. Faida yake ni hiyo, wala si ndogo. Sauti bora peke yake haiwi.

Kwa madijei ndiko wizi huu unakobana. Kwenye slipmati, kile kitambaa kinacholala chini ya sahani, mkono hausikii unene, unasikia ukinzani wa kuzungusha. Kutoka gramu 136 hadi 180 ukinzani huo unaongezeka karibu theluthi moja. Aliyezoea nzito akivuta hizi kwa nguvu ile ile anapitiliza alama yake, na kwa sababu ni nyembamba, kidole kikikandamiza karibu na sindano sahani inanesa. Kuachia ni habari nyingine: msuguano wa slipmati unapanda sambamba na uzito, kwa hiyo nzito na nyepesi zinashika kasi karibu sawa, mradi zimelala bapa.

Zimelala bapa? Nyingi za mzigo huu zimebonyea kama bakuli. Ziweke juu ya kioo mzione. Upande mmoja juu, katikati tu ndiko kunakogusa. Unaachia kwenye mdundo, sinia la mashine linakwenda, sahani inasitasita, umeshachelewa. Geuza, sasa ukingo ndio unaogusa: inashika vizuri, lakini ukiigusa inazama kisha inaruka, na sindano nayo inaruka. Kuongeza uzito wa sindano hakutibu hilo, kunakula mifereji tu. Wala msijaribu kuzinyoosha kwa joto, mtapoteza sahani na ushahidi kwa pamoja.

Aliowaambia wainue mkono wa sindano milimita 3 "kwa ajili ya gramu 180", rudisheni. Kwa mkono wa milimita 230, kama wa mashine ya madijei ya Technics SL-1200, kubadilisha pembe ya sindano kwa digrii moja kunataka milimita 4. Tofauti halisi ya unene kati ya sahani hizi ni sehemu ya milimita, yaani kama sehemu ya kumi ya digrii. Slipmati nene inabadilisha zaidi ya hapo.

Dalili? Zilikuwepo. Stika ya "180" ilibandikwa kwenye nailoni ya nje, si kwenye jalada. Kila santuri kwenye video zake ina 183, wakati sahani za kiwanda kimoja, siku moja, hupishana gramu kadhaa. Hakuna picha hata moja ya sahani ikiwa uchi juu ya mizani, na ukimwomba anakuambia vumbi litaingia. Mizani nayo alipaswa kuweka mfuko mtupu kwanza, akarudisha sifuri, ndipo aweke sahani ndani yake. Sekunde tano. Hakufanya, sisi hatukuomba.

Lakini tusijilaumu hadi tukamsahau yeye. Huyu arudishe hela, zote, na gharama za usafirishaji alipe yeye. Akaunti yake ifungwe kila anapouzia, na akifungua nyingine kwa jina jipya, zile picha mnazijua: meza ile ile, mizani ile ile, ukucha ule ule wa gumba. Anayemwonea huruma kwa kuwa "sahani zinapiga vizuri" anunue yeye huo mzigo kwa bei tuliyolipa. Zinapiga, ndiyo. Mwizi wa gramu ni mwizi.

Mliopokea, fanyeni hivi kabla hajaanza kufuta: pimeni sahani tupu, kisha mfuko mtupu, kisha vyote pamoja, mizani ionekane ikisoma sifuri kila mara na namba zilizochorwa karibu na lebo zisomeke. Mwenye ile video ya kwanza ya 183, ya kabla hajaikata mwanzo, asiifute.