Mama lishe wa Kibirizi: samaki wazuri, na choo kiko jirani

Tangu nimalize mionzi ya saratani ya tezi dume kwenye hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 2023, nikiingia mahali pa kula naangalia kwanza choo kiko wapi. Mionzi ilinisaidia, lakini iliniachia kibofu kisicho na subira. Mkojo ukinibana nina dakika mbili tatu tu. Kuna hoteli moja niliagiza chai na chapati, nikaomba choo, kijana akasema ni cha wageni wa vyumba. Nilirudi nyumbani suruali imelowa. Miezi minne sikula tena nje wala sikukaa barazani na wenzangu.

Mama huyu ana kibanda cha mabati karibu na mwalo wa Kibirizi, huku Kigoma. Choo kiko nyuma, hatua 12, nimezihesabu. Ufunguo umefungwa kwenye kipande cha ndala ya bluu na unaning'inia kwenye msumari mlangoni, huna haja ya kumwomba mtu. Ndani kuna ndoo ya maji, kata, sabuni, na pa kutundika kofia. Siku ya kwanza nilikwenda mara tatu kabla ugali haujaiva, na hakuna aliyenigeukia.

Nilikula mgebuka wa kuchoma, ugali wa muhogo na matembele kwa 5,000. Samaki kachanjwa vizuri, kapakwa ndimu, ngozi imekauka hadi inapasuka ukiigusa, nyama ya ndani bado ina maji yake. Mawese analeta pembeni kwenye kikombe, ujimiminie mwenyewe. Hilo limenifaa sana, kwa sababu tangu nianze sindano za homoni za kila miezi mitatu tumbo limeota. Sindano hizi zinaizima homoni ya kiume inayoipa nguvu saratani, ila mifupa na misuli nayo inadhoofika. Ndiyo maana siku nyingine naagiza dagaa, nawala na mifupa yao kwa ajili ya kalsiamu, na nashuka kwa miguu kutoka Mwanga, bodaboda nimeacha. Wazee wenzangu, dagaa hawatibu saratani, msije mkaacha kliniki. Ila miguu yangu imepata nguvu na usingizi umerudi.

Kasoro zipo. Dagaa wana chumvi nyingi, lazima umwambie Mama mapema. Na benchi la ndani limesogezwa mno kwenye jiko la mkaa. Sisi wa sindano tunapandwa na joto la ghafla, linaanzia kifuani, linafika usoni, kisha jasho. Siku moja kola ililowa yote, binti anayehudumia akaniuliza, "Babu, una malaria?" Nikamweleza ukweli. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitolea kiti nje chini ya mwembe, upande unaopata upepo wa ziwa. Sasa nikifika nakuta kiti kimeshawekwa.

Jumamosi nilimleta jirani yangu ambaye naye anaanza matibabu, alikuwa hajatoka nyumbani wiki tatu. Kabla hatujakaa nilimwonyesha ule msumari wenye ufunguo. Alimla mgebuka wake mpaka kichwa.

Mkienda, wahini kabla ya saa nane mchana. Samaki wa kuchoma huisha mapema.