Amplifaya ya gari isiyochemka: nunua waya kwanza, Pioneer baadaye

Mwezi wa kwanza, saa kumi na moja jioni, foleni ya Kimara imeganda, besi ikakata. Spika za mlangoni zinaimba, sabufa kimya. Nikapeleka mkono chini ya kiti cha abiria ilikofungwa amplifaya, nikautoa mbio kama niliyegusa pasi. Taa nyekundu inawaka. Nikazima, nikasubiri dakika kumi, ikarudi. Nyimbo mbili, ikakata tena. Niliinunua Kariakoo kwa laki moja na thelathini, na boksi lake limeandikwa "5000W" kwa herufi za dhahabu.

Fundi wa kwanza akasema, "Sista, hii imekwisha, nunua kubwa zaidi." Wa pili akataka kunifungia feni. Wa tatu, mzee mmoja wa Ilala, hata kuigusa amplifaya hakuigusa. Aliwasha gari, akaweka testa kwenye betri: 14.1. Akaniambia nipandishe muziki, akaweka testa kwenye nati za amplifaya yenyewe: 11.6.

"Mwanangu, volti mbili na nusu zimeishia njiani."

Akaukata ncha ule waya mwekundu, mnene kama kidole changu cha mwisho. Unene wote ulikuwa plastiki. Nyuzi za ndani hazikufika hata nusu, na alipozikwangua kwa wembe, rangi ya shaba ikabanduka, chini nyeupe kama sufuria. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Ndio waya uliokuja kwenye ile seti ya "ofa" niliyopewa pamoja na amplifaya, nikashukuru.

Basi katika orodha yangu ya vya kununua ili amplifaya isichemke, namba moja ni waya. Ubora wa sauti sitauzungumzia, masikio ni yako. Taa za urembo na blutuuthi pia tuwaachie wengine.

Waya unahusianaje na joto? Umeme ukifika umepungua, besi inalegea. Wewe unafanya nini? Unapandisha geini, ile swichi ya amplifaya ya kukuza sauti inayoingia. Amplifaya inalazimishwa kutoa isichokuwa nacho, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na joto linapanda. Tena zipo amplifaya ambazo volti zikishuka huvuta ampia nyingi zaidi ili zifidie, kwa hiyo waya unazidi kupata moto na volti zinazidi kushuka. Feni haitibu ugonjwa huo. Aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule, na hapo hatujahesabu plastiki waliyoijazia.

Nunua geji 4 ya shaba tupu. Namba ya geji ikipungua waya ndio unanenepa: geji 4 ina milimita za mraba 21 hivi za shaba, geji 8 inazo nane na kidogo. Kama sabufa yako ni moja na ni ya wastani, geji 8 ya kweli itakubeba. Fyuzi ya waya ikae karibu na betri, isizidi shibiri mbili, maana waya ukikwaruzika kati ya betri na fyuzi ni gari linaloungua. Waya wa ethi uwe na unene uleule, uwe mfupi, na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Wangu walikuwa wameubana kwenye bolti ya kiti, juu ya rangi!

Namba mbili ni Pioneer GM-D8701. Ndiyo, napendelea Pioneer, na hakuna anayenilipa. Redio ya kwanza niliyoijua kwenye gari la baba ilikuwa Pioneer na iliuzwa na gari ikiwa bado inaimba. Hii ni ya chaneli moja, maalumu kwa sabufa, na ni ya daraja D, yaani sehemu kubwa ya umeme inaoula inautoa kama sauti. Boksini wametanguliza 1600 kama wafanyabiashara wengine wote, ila chini yake wanakutajia wati zenyewe: 300 kwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), 500 kwa omu 2, 800 kwa omu 1. Kwa gari dogo lenye alteneta yake ya kiwandani, 500 zinakutosha na majirani watakujua.

Namba tatu, Pioneer tena, GM-A3702. Chaneli mbili, wati 60 kila upande, au 190 ukiziunganisha chaneli zote mbili ziwe moja kulisha sabufa moja. Ukiiunganisha hivyo usiipe chini ya omu 4, hata fundi akikuapia. Hii ni daraja AB, na daraja hilo hupoteza karibu nusu ya umeme kama joto, kwa hiyo ifunge ubavuni mwa buti penye hewa. Chini ya zulia itaiva.

Ukikosa hizo, Kenwood ya chaneli moja ya daraja D. Sina neno nayo.

Za laki moja na kitu: soma fyuzi, usisome boksi.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Ile yangu ya "wati elfu tano" ilikuwa na fyuzi moja ya ampia 30 ubavuni. Zidisha 30 kwa volti 13.8, unapata wati 414 zinazoingia, zote. Toa zinazogeuka joto, spika inabakiwa na kama 250. Muuzaji hesabu hiyo anaijua au haijui? Nilipomrudishia aliniashiria karatasi ukutani, mali ikishauzwa hairudi. Nikamuuliza waranti, akacheka. "Dada, wewe umeipiga sana." Sabufa ipigwe vipi, kwa adabu?

Nikaenda kutafuta waya wa shaba, nimebeba wembe kwenye pochi. Duka la kwanza walinikubalia, nikakwangua, nyeupe. La pili, nyeupe, na kijana akashangaa kuliko mimi. La tatu mwenye duka akaweka mkono juu ya roli: nitamharibia mali. Nikamwambia sentimita moja tu, na nitailipia. Akakataa. Nikamwambia nitalipia mita nzima kwa ajili ya sentimita moja.

Akauliza kama mimi ni wa TRA.